Maua Kwenye Mlango Usiomngoja Mtu

Deolinda Taveira alizoea kusikiliza mabasi. Basi la mwisho la wageni wa kutwa lilipovuka daraja na mngurumo wake kumezwa na mto, mji wa Vilar ulishusha pumzi kama mama mwenye arusi aliyekwisha kuwaaga waalikwa na sasa anavua viatu. Maduka ya majogoo ya udongo yalifungwa. Njiwa walirudi uwanjani. Ndani ya ukuta wa kale wa mji wakabaki wenyeji, ambao siku hizi hawakutosha kujaza mabenchi ya mbele kanisani, pamoja na wale wageni wachache waliolipia kulala.

Hao wa kulala ndio waliokuwa riziki yake. Deolinda alizaliwa hapo hapo, katika Uchochoro wa Tanuri. Akiwa msichana alikwenda Lyon, akasafisha nyumba za Wafaransa mpaka nywele zikaanza mvi, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, Deolinda alibaki na vitanda vitupu na Kifaransa cha kufagilia nyumba za watu. Majirani waliohamia bondeni wakamwachia funguo zao. Polepole akawa mtunza nyumba tatu za wageni: ya mama yake, ya akina Faria, na ya marehemu fundi viatu. Mwenyewe alilala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama.

"Wa kutwa wanaona mawe," aliwaambia wageni wakati akiwakabidhi funguo. "Wa kulala ndio wanaouona mji."

Hakuwa anadanganya. Waliolala walitembea jioni bila kusukumana. Walisikia nyayo zao wenyewe kwenye mawe, walinusa supu ya kabichi ikitoka dirishani, na asubuhi waliuona mvuke wa mto kabla ya basi la kwanza kufika. Lakini mwaka ule kilichojaza nyumba zote tatu wakati wa Pasaka ni picha moja tu. Deolinda aliipiga Pasaka iliyopita, akaiweka pale wageni wanapochagulia malazi. Ilionyesha zulia la maua mekundu na meupe juu ya majani ya shamari yenye harufu, mbele ya mlango wa kijani uliofifia. Aliikata pembeni kwa ustadi, hata mtazamaji akadhani uchochoro mzima ndivyo ulivyo. Kumbe ulikuwa mlango mmoja tu, wa Bibi Zulmira.

Zulmira Peixoto ndiye aliyemshika Deolinda siku ya ubatizo, akawa mama yake wa ubatizo. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa uchochoro, kwenye kona, chini ya mnara. Katika vuli alianguka kwenye ngazi, akapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, na mlango wa kijani ukafungwa. Majira yote ya baridi alikuwa na ombi lile lile: Pasaka msalaba unaopitishwa nyumba kwa nyumba umkute kwake. Ijumaa Kuu Deolinda aliazima gari, akamleta jioni, mji ukiwa umeshaingia ndani kwa sababu ya mvua. Wauguzi walimruhusu mpaka Jumatatu. Hakuna aliyemwona akipanda isipokuwa paka.

Jumamosi, mabasi yalipoondoka, walikuwa wote wawili nyuma ya nyumba, chini ya mti wa kamelia. Bibi Zulmira alikaa kitini na blanketi magotini, akitoa amri. Deolinda alichuma.

"Hayo yaliyoanza kuwa na kahawia yaache, mwanangu. Msalaba unapita juu ya maua, haupiti juu ya jalala."

"Sawa, mama."

"Na hicho kikapu mbona kikubwa hivyo? Mlango wangu ni mmoja. Au huko kwa wazee nimeongezewa mwingine bila kuambiwa?"

Deolinda alicheka. "Mengine ni ya kwangu."

"Ya kwako?" Mwanamke mzee aligeuza kichwa. "Unafungua mlango wa mama yako?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema ukweli. Msalaba haukuwa umeingia katika nyumba ile tangu mazishi. Deolinda alitazama maua mkononi mwake, akayaona jinsi yalivyo mazuri.

"Ndiyo, mama," akasema.

Uso wa Bibi Zulmira uling'aa, hata Deolinda akainama kutafuta ua chini ambalo halikuwepo.

"Basi tuko wawili! Nami nilijua nitabaki peke yangu uchochoro mzima, kama jino la mwisho." Akavuta blanketi. "Ingawa mimi mwenyewe sasa ni mgeni wa kulala tu. Nalala, nanywa chai ya asubuhi, naondoka. Utaniletea na taulo safi?"

Vilar hakuna anayebisha hodi siku ya Pasaka. Wabeba msalaba hupita mtaa kwa mtaa na majoho yao mekundu, kengele mbele, na majani ndiyo yanayosema kwa niaba ya mwenye nyumba. Mlango wenye majani unasema: humu yumo mtu anayengoja, ingieni. Mlango mtupu hupitwa bila kinyongo. Tarishi wa mji, ambaye hajakanyaga kanisani tangu alipozozana na paroko wa zamani, hakuwahi kuweka hata tawi la rozmari, na kwa hilo watu walimheshimu. Mtoto akimwaga majani kwenye mlango wa mwenzake kwa mzaha, alipigwa. Deolinda aliyajua hayo yote kabla hajajua kusoma.

Lakini Mholanzi mmoja aliyelala nyumba ya Faria alikuwa amemsimamisha mchana, simu mkononi, picha ikionekana. "Maua yako wapi, bibie? Tumetoka mbali." Naye akajibu, "Kesho asubuhi." Neno likishatoka linataka kulishwa.

Kwa hiyo giza lilipoanza kuingia alitandika kwanza kwa Bibi Zulmira, zulia pana, kama alivyofundishwa: shamari chini, rozmari pembeni, maua katikati. Kisha akashuka na kikapu. Akatandika kwa Faria, akatandika kwa fundi viatu. Mbele ya mlango wa mama yake alitandika polepole. Akajiambia maua ni maua tu. Akajiambia wabeba msalaba ni watu wazima, wataelewa kwamba haya ni mapambo. Dirishani kwa Faria Waholanzi walikuwa wamezima taa ili wamwone vizuri, na mke akapiga makofi taratibu, kama mtu aliye kwenye tamasha.

Asubuhi ya Pasaka, kabla ya basi la kwanza, kengele ilisikika ikipanda uchochoro. Deolinda alikuwa jikoni kwa mama yake, anakata mkate wa wageni. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na sauti zote zilimfikia.

Aliyebeba msalaba mwaka ule alikuwa Baltasar, fundi bomba, mtu wa mabega mapana na maneno machache matamu. Kengele aliishika Ramiro mwuza nyama. Waliona majani kwa Faria, wakashangaa, wakaingia. Mholanzi aliwapokea akiwa na kaptura ya kulalia, akidhani ni kifungua kinywa. Alipoona msalaba mbele yake hakujua la kufanya, akashika mkono wa Baltasar akautikisa. Kwa fundi viatu hapakuwa na mtu. Wageni walikuwa wametoka alfajiri kupiga picha mvuke wa mto. Kengele ikalia, ikalia tena, nyumba ikanyamaza.

Wakafika kwa mama yake.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja wa Kijerumani aliyelala chumba cha juu. Deolinda alimwona kupitia ufa wa mlango wa jikoni. Aliinua simu yake, akatabasamu kwa upole mkubwa, akawapungia wabeba msalaba warudi nyuma hatua chache, jua liwapate.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Baltasar aliuliza. Akapaza sauti. "Deolinda! Deo! Toka basi, msalaba uko mlangoni!"

Deolinda alisimama na kisu mkononi. Akitoka itabidi aeleze. Atasimama pale mwili wa mama yake ulipolazwa, mbele ya mgeni mwenye simu, aeleze majani yale ni ya nini. Hakutoka.

"Ametufanya mapambo huyu," alisema Ramiro. "Sisi na majoho yetu. Kesho utatuona tumeuzwa dukani pamoja na majogoo."

"Wewe unafaa, jogoo. Umeshaanza kunenepa." Lakini Baltasar hakucheka.

"Bado ule wa mwisho, kule konani. Nao una maua," Ramiro alisema.

"Wa Zulmira? Mama wa watu yuko kwa wazee tangu vuli. Huo nao ameupodoa Deo." Baltasar akageuza msalaba. "Hapana. Msalaba huu siupeleki tena kukaguliwa na watu wa nguo za kulalia. Twendeni bondeni, huko wanatungoja kweli."

Neno moja lingetosha. Hata jina tu: Zulmira yupo. Dirisha lilikuwa karibu na bega lake. Deolinda alifungua kinywa, akasikia kengele ikigeuka, ikishuka, ikipinda kwenye tanuri la zamani, na kinywa chake bado kilikuwa wazi.

Alipanga kahawa na mkate kwenye sinia kwa sababu mikono ilihitaji kazi, akapanda mpaka konani. Mlango wa kijani ulikuwa wazi kabisa. Bibi Zulmira alikaa kando ya meza na gauni lake jeusi la sikukuu, hereni za dhahabu masikioni, nywele zimebanwa. Kwenye kitambaa cheupe kulikuwa na keki ya mayai, lozi za sukari, chupa ya divai ya Porto na vikombe vidogo.

"Wanachelewa kwako," alisema kwa furaha. "Vizuri. Wape wale. Baltasar ukimpa kiti hainuki. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Lakini na wewe umeacha msalaba ndani ya nyumba ukaniletea kahawa mimi? Una akili?"

Deolinda aliweka sinia mezani.

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Nakuja, mama. Ngoja nakuja."

"Mimi nitakwenda wapi?" alijibu Bibi Zulmira, akanyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

Deolinda alikimbia na aproni yake. Mabasi ya kwanza yalikuwa yamefika, na umati ulikuwa unapanda kupitia lango la mji, miavuli na vibendera mbele, naye peke yake akishuka. Watu walimpisha, wakamsukuma, wakamwomba radhi kwa lugha asizozijua. Ng'ambo ya mto fataki zililia: msalaba ulikuwa umeingia bondeni. Aliufuata mlio ule mpaka kwa dada yake Ramiro, nyumba iliyojaa watu mpaka ngazini, kila mmoja na kikombe mkononi.

"Baltasar," alisema. Pumzi ilikuwa haimtoshi. "Lazima mrudi juu."

Baltasar alifuta midomo. "Mwenye hoteli huyo. Umekuja kutupiga picha ya bondeni?"

Watu wakacheka.

"Mama Zulmira yuko nyumbani kwake. Nilimleta Ijumaa. Majani yale ni ya kweli. Anangoja."

Kicheko kilikatika. Baltasar aliweka kikombe chini taratibu.

"Na yale mengine?"

"Yale mengine niliyaweka mimi. Kwa ajili ya wageni."

"Nilikuita. Jina lako nililitaja nikiwa mlangoni kwa mama yako. Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulinisikia?"

Angeweza kusema maji yalikuwa yanachemka. "Nilikusikia," alisema.

"Hata Yuda alirudisha alichopewa," alisema dada yake Ramiro, si kwa sauti ya chini.

"Msalaba haurudi nyuma, Deo," Ramiro akasema. "Unajua. Ukishashuka umeshashuka."

Baltasar alitazama msalaba uliokuwa umeegemezwa kwenye kiti, umefungwa utepe mwekundu. "Kurudi ni kwenda pale ulipokwisha fika," alisema hatimaye. "Kwa Zulmira hatujafika. Lakini bondeni kote wametandika tangu alfajiri, siwezi kuwaruka kwa sababu ya ujanja wako. Tutapanda tukimaliza." Akachukua msalaba, kisha akageuka tena. "Na kumwambia, utamwambia mwenyewe. Hilo mimi sikubebei."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Alipofika konani, umati ulikuwa umejaa mpaka kwenye mnara. Zulia la Bibi Zulmira lilikuwa limekanyagwa katikati. Watu walikuwa wanachungulia mlango ulio wazi kama wanavyochungulia makumbusho, na yule mwanamke mzee alikuwa bado wima kwenye kiti chake.

"Wageni nimepata," alisema alipomwona. "Kijana mmoja kala lozi, kadhani naonjesha. Nikamwambia aleluya, akainamisha kichwa vizuri tu. Wote wameingia macho yao humu, isipokuwa ninayemngoja. Kulikoni, Deolinda?"

Alimwambia. Hakukaa. Alisema yote kwa mpangilio, tangu kikapu, picha, mpaka jikoni na kisu. Hakujaribu kulia, aliona kulia kungekuwa njia ya kuomba kitu.

Bibi Zulmira alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nje mtu alicheka, kamera ikalia.

"Usiku sikulala," alisema mwishowe. "Nilikuwa naongea na mama yako. Nikamwambia, Adosinda, mtoto anafungua mlango wako. Nilimwambia hivyo." Akatazama vikombe. "Sasa nitamwambia nini?"

Deolinda alinyoosha mkono achukue sinia.

"Ondoka kwanza. Sikufukuzi. Ondoka tu nikae."

Alikwenda kuchukua ufagio. Alianza kwa Faria. Mholanzi alitoka mbio.

"Unafagia nini? Ni mazuri sana!"

"Ni ya mtu mwingine," Deolinda alimjibu kwa Kifaransa chake, akaendelea kufagia. Maua mazima aliyatia kikapuni, yaliyopondeka akayatupa. Akafanya hivyo kwa fundi viatu. Kwa mama yake alipiga magoti, akaokota kwa mkono mpaka jani la mwisho, kizingiti kikabaki jiwe tupu.

Kisha akapanda na kikapu, akapiga magoti tena mbele ya mlango wa kijani, akaanza kuziba pale palipokanyagwa. Wageni wa kutwa walimzunguka. Ndiyo picha waliyoijia: mwanamke wa mji, aproni, maua, mlango wa kale. Mama mmoja alimwonyesha mwanawe mdogo jinsi anavyotandika vizuri. Kila kamera ilipolia ilimchoma kama mbigili, naye hakuinua mkono kujificha, maana aliyewaita ni yeye. Alipomaliza wakapita tena, akatandika tena. Mchana mzima ndivyo ulivyokwenda, na ndani Bibi Zulmira hakumsemesha, ingawa mara moja, bila kumtazama, alisukuma kikombe cha maji mpaka ukingo wa meza ulio karibu na mlango.

Jua liliposhuka upande wa mto mabasi yakaanza kuondoka. La mwisho likavuka daraja. Uchochoro ukanyamaza, maua yakiwa bado na umbo lake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Deolinda aliuogopa ule utulivu aliokuwa akiwauzia watu. Kama wasingepanda? Watu wa bondeni wana divai nyingi. Akasimama ukutani, upande wa pili wa njia.

Kengele ilisikika chini kwenye tanuri.

Walikuja wamechoka, majoho yana madoa, Baltasar akichechemea. Hakuna aliyetania. Walipita milango mitupu, moja, mbili, tatu, bila kugeuza shingo, wakakanyaga maua na kuingia.

"Aleluya, Bibi Zulmira. Kristo amefufuka."

"Aleluya. Mmechelewa. Keki imeanza kukauka."

"Keki kavu ndiyo ya meno yangu," alisema Baltasar.

Bibi Zulmira alikataa kushikwa. Aliinuka kwa kusukuma meza, akaubusu msalaba, akaweka paji la uso wake juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Ramiro alitikisa kengele kidogo tu. Wakanyunyiza maji ya baraka pembe zote, hata juu ya ngazi iliyomwangusha.

Wakati wa kutoka Baltasar alimwona Deolinda ukutani. Akasimama kizingitini na msalaba wake, hajui aunyooshe au asiunyooshe, akageuka kumtazama mwenye nyumba.

"Mlango wa mama yake hauna majani," alisema Bibi Zulmira. "Akiubusu, ataubusu kwangu."

Deolinda alivuka njia, akaingia. Chuma cha msalaba kilikuwa kina joto la midomo ya bonde zima.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mabasi, alimrudisha nyumba ya wazee. Bibi Zulmira alifunga mlango wake mwenyewe, akamkabidhi ufunguo kama zamani, kisha akatoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa leso: mkate wa Pasaka, wenye yai zima limeokwa juu yake, ambao mama wa ubatizo humpa mwanawe kila mwaka.

"Shika. Ni haki yako. Sikupi kwa sababu umefanya vizuri."

"Najua, mama."

Gari lilifika darajani.

"Mwakani nikiwa sipo," alisema Bibi Zulmira akitazama mto, "mlango wangu uache mtupu. Usiweke hata jani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Aliporudi aliifuta ile picha pale wageni wanapochagulia malazi. Kisha akaenda jikoni, akaweka mkate mezani, akabaki akiuangalia. Yule mama wa Kijerumani alishuka na begi lake, amefurahi, akausogelea, akauliza kwa ishara kama anaweza kuonja.

"Hapana," alisema Deolinda. "Huu si wa wageni."

Mgeni alipoondoka, aliuvunja kwa mikono. Ulikuwa umeanza kuwa mgumu. Akaula akiwa amesimama, mlango wa mbele wazi, mpaka aliposikia basi la kwanza likipanda.